Masale Kwenye Picha ya Anneth

Mimi si mwoga. Nauza mashuka ya mtumba soko la Kwa Mrombo, na aliyewahi kugombania belo asubuhi na wanawake wa pale anajua kwamba mwoga anarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini wiki ile ya maonyesho ya picha za Anneth niliogopa kama mtoto mdogo. Nasema kweli yangu, sina sababu ya kujipamba mbele ya mtu.

Anneth Sumari ni jirani yangu Sekei. Tunachota bomba moja, tunaanika kamba moja, na nikipika makande lazima bakuli lake liwepo. Yeye ni Mmeru, kwao ni kijiji kimoja juu ya Tengeru; mimi ni Mchagga wa Rombo. Utani wetu hauishi. Yeye ananiambia Mchagga akianguka mtoni anauliza kwanza bei ya samaki, mimi namwambia Wameru ni wachoyo mpaka mlima wao wanaufunika mawingu wageni wasiuone. Amevuka arobaini na tano, hajaolewa. Aliwahi kuchumbiwa, mwanamume akaenda zake Mwanza kutafuta maisha, akayapata huko huko na mwingine.

Kazi yake ni kuchora, lakini usidhani ni mambo makubwa. Anachorea maduka ya vinyago: tembo, twiga, Wamasai wanaoruka na jua jekundu nyuma yao, halafu tembo tena. Amechora tembo mpaka ukimwamsha ghafla anaweza kukuchorea mmoja huku bado anapiga miayo. Ila Jumapili akitoka ibadani anachora vitu vyake mwenyewe. Anaweka mezani sufuria lenye masizi, chane ya ndizi mshare, kisu, kikombe cha bati kilichobonyea, kisha anakaa mbele yake ametulia kama yuko kwenye mahubiri. Au anachora kwao: migomba, kahawa, njia ya kushukia mferejini, mlima kwa nyuma. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwuliza ni mzungu gani atakayepanda ndege aje kununua sufuria lake lisilosuguliwa.

Kumbe yupo aliyezipenda. Dada mmoja anaitwa Catherine alikuwa amegeuza nyumba ya zamani hapo hapo Sekei kuwa ukumbi wa maonyesho. Alikuja kwa Anneth kufuata tembo wa mteja, akaziona zile za ukutani chumbani, akasahau tembo. Akasema anataka hizo. Vitu vya mezani vikae upande mmoja wa ukumbi, mandhari upande wa pili, na jina la Anneth liandikwe mlangoni. Anneth alikuja mbio kunipa habari, miguuni kavaa ndala za rangi mbili tofauti.

Siku ya kutundika nilifunga biashara mapema nikaenda kumsaidia. Mimi nashika ngazi, yeye anapigilia misumari, Catherine anatuambia juu kidogo, chini kidogo, mpaka nikamwuliza kama anataka nishike ngazi au nishike adabu. Tukafika kwenye picha kubwa kuliko zote, ya kihamba cha kwao, lile shamba la ukoo ambalo mtu wa huku anazaliwa humo na anazikwa humo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nyumba ya marehemu baba yake yenye bati la kutu, makaburi pembeni, kahawa chini ya migomba, mparachichi mkubwa, mfereji kule chini. Nimekwenda kule na Anneth Krismasi nyingi na misiba mingi. Ndani ya picha ile ningeweza kukuonyesha mahali nilipoteleza na sinia la wali. Nikarudi nyuma niitazame vizuri. Ndipo nikayaona masale.

Kama wewe ni mtu wa Pwani utaona majani marefu ya kijani tu. Kwao na kwetu isale si pambo. Likiwa juu ya kaburi, hapo kuna mtu wako amelala. Aliyekukosea akikuletea isale, umsamehe, utake usitake. Na masale yakipandwa kwa mstari shambani, huo ni mpaka, na unaheshimiwa kuliko vigingi vya wapima ardhi wa serikali, kwa sababu anayeng'oa isale la mpaka laana inamfuata yeye na uzao wake. Katika picha ya Anneth masale yalianzia kwenye mparachichi, yakaizunguka kona yote ya chini, yakasimama karibu na mfereji. Na mimi kihamba kile nakijua. Pale hapana masale hata moja.

"Anneth," nikamwuliza, "nani amekugawia shamba?"

Hakunielewa. Akaanza kunieleza kwamba ile kona ilikuwa tupu mno, jicho lilikuwa linakimbia linatoka nje ya picha, kwa hiyo alihitaji kitu kilichosimama cha kulizuia. Alijaribu fito, hazikupendeza. Akaweka masale kwa sababu ya ile kijani yake iliyoiva. Alikuwa bado ananieleza habari za kijani, mkono uko hewani, mara mkono ukasimama. Mtoto wa Kimeru, aliyekulia humo humo, kayachora majani yale moja moja bila kuona anafanya nini. Akili yote ilikuwa kwenye rangi. Akashuka ngazi polepole, akakaa sakafuni, akasema, "Mama yangu, nimejikatia shamba."

Ngoja nikueleze kwa nini tuliogopa, usije ukasema wanawake wawili wazima wametishwa na majani ya rangi. Mtoto wa kike kule, kama ilivyo kwetu, hakuna anayemwambia kwamba hana chake. Anaambiwa nyumbani ni kwake. Na hilo neno "kwake" maana yake ni kitanda cha chumba cha uani siku za sikukuu, na shukrani juu. Sheria ya serikali inasema vingine, najua, redioni wanatangaza. Lakini sheria haikai na wewe mezani siku ya Krismasi. Baba yake Anneth alipofariki, kihamba chote kilibaki mikononi mwa kaka mkubwa, Aminiel, naye ndiye anayekaa na mama yao mzee. Anneth hakudai hata mgomba. Alichokuwa anataka ni kupanda kule akamwone mama yake, alale naye, asikie Kimeru chake, arudi.

Tena kulikuwa na mfano. Binti wa baba yao mdogo, Sabina, aliachika akarudi nyumbani na akaomba kipande cha kujenga chumba. Akapewa maneno matamu, akaanza kupanda migomba yake mahali alipodhani amekubaliwa. Asubuhi moja akaikuta imelala yote, imekatwa kwa panga. Ukoo ukakaa, ukaamua asikanyage tena, na aliyesimama kuutangaza uamuzi huo alikuwa Aminiel, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na sauti yake inasikika vizuri. Sabina akaja mjini, akapanga chumba Sokon One, akaugua, akafa. Hakuna aliyefuata mwili. Tulimzika makaburi ya jiji, mimi na Anneth na akina mama wachache wa usharika wake, kati ya watu asiowajua. Mama yake mzazi alikatazwa kuja. Anneth hajawahi kuisahau siku ile, na mimi pia.

Kwa hiyo hakuwa anaogopa kupigwa wala kutukanwa. Alikuwa anaogopa kufungiwa njia ya kwenda kwa mama yake, na siku akifa awekwe huko alikowekwa Sabina. Aliniambia hivyo hivyo, pale sakafuni, macho makavu. Nikamwambia asiwe mjinga, Aminiel haji mjini ila kwa hospitali, ataionea wapi picha. Anneth akatoa simu mfukoni akanipa. Catherine alikuwa ameshatengeneza tangazo la maonyesho, na picha aliyoiweka kwenye tangazo ni hiyo hiyo. Na Anneth, kwa furaha yake, jana yake alikuwa amelituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwa mkono wake mwenyewe.

Kundi lile silo kundi la kunyamaza. Kutwa ni mistari ya Biblia, salamu za asubuhi, na picha za waridi zenye umande. Tangu tangazo lile liingie hakuna aliyeandika neno. Wameliona wote, alama za kusomwa zipo, kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulikuja kesho yake tukiwa tunafua. Simu ikalia, Anneth akafuta povu mikononi, akasoma, akaninyooshea. Alikuwa Aminiel. Aliandika: "Hiyo picha usimpe mtu. Siku ya ufunguzi nakuja."

Basi pale ndipo hofu yangu ilipozidi. Maana mtu mwenye hasira za kawaida angepiga simu atukane, yaishe. Huyu alikuwa anakuja kwa miguu yake.

Tulikwenda kwa Catherine kumwomba aitoe. Catherine ni mtu mzuri, lakini kwao Dar, masale anayajua kwa kuambiwa. Akasema picha hiyo ndiyo iliyoita watu, akiiondoa ni sawa na kualika watu harusini halafu bibi harusi asitokee. Ila kwa kuwa alimwona Anneth alivyoingiwa na hofu, akakubali kitu kimoja: kama masale yanamsumbua, ayafunike kwa rangi, yeye hatasema neno. Akatufungulia ukumbi akatuacha.

Anneth akachanganya rangi ya udongo. Akachovya brashi. Akaisogeza mpaka karibu na jani la kwanza, na hapo ikagoma. Nilisubiri. Akajaribu tena, mkono ukarudi wenyewe. Akasema hawezi, isale la mpaka halifutwi, babu yake alimwambia kwamba mtu mmoja aliyang'oa akazika watoto. Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia haya ni rangi, Anneth, rangi ya dukani, hayana mizizi, hayana hata harufu. Akasema haya, kama ni rangi tu, futa wewe. Akanipa brashi.

Nikaishika kwa kishindo kwelikweli. Nikasimama mbele ya picha. Nikayatazama majani yale yalivyosimama, nikamkumbuka bibi yangu wa Rombo na mambo yake, nikawakumbuka wanangu wawili walioko shule. Jamani. Nikamrudishia brashi yake. Tukafunga ukumbi tukarudi nyumbani, na tangu siku hiyo simcheki mtu kwa imani yake.

Siku ya ufunguzi ikafika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo nilimvalisha Anneth gauni langu la kitenge, nikampaka mafuta, nikamwambia asimame wima. Watu walijaa. Walikuja walimu wa vyuo, wazungu wa mashirika, vijana wanaojipiga picha mbele ya kila kitu, na wote wanakunywa juisi na kutikisa vichwa. Sufuria lenye masizi lilikuwa na watu wengi kuliko tembo wa mbugani. Bibi mmoja wa makamo alisimama mbele yake akafuta machozi, akasema hilo ni jiko la kwao kabisa. Nikaona aibu kidogo kwa maneno yangu ya zamani. Anneth hakusikia sifa hata moja. Mtu akimpongeza anajibu asante, macho yako mlangoni.

Aminiel aliingia wakati hotuba ya Catherine inamalizika. Amevaa suti yake ya kanisani na kofia, viatu vina udongo mwekundu wa kwao, mkononi ana fimbo. Anneth akamsogelea akampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kumtazama. Hakwenda moja kwa moja kwenye picha ile, na hilo lilinitia hofu zaidi. Alianza upande wa vitu vya mezani, akapita moja moja, taratibu, kama anakagua. Mimi nilichukua sinia la sambusa nikawa namfuata kwa nyuma nikijifanya nagawa. Nilikuwa nimeshaamua: akinyanyua fimbo, sinia lote linamwendea usoni, na polisi waje wanikute hapo.

Akavuka upande wa pili. Akafika. Akavua kofia.

Alisimama pale muda mrefu mpaka watu waliokuwa karibu wakampisha. Nikamwona anafuata mstari wa masale kwa macho, kuanzia mparachichi, kushuka, kuzunguka. Fimbo ilikuwa inagongagonga sakafu. Nilidhani anaigonga kwa hasira, kisha nikaona kila pigo ni isale moja, anayahesabu. Anneth alikuwa pembeni yake, mikono ameifumbata kifuani.

"Nani alikuambia?" Aminiel akauliza.

Anneth akaanza kuomba msamaha. Akasema kaka nisamehe, ni picha tu, sikuwa na nia yoyote, sidai kitu, nilikuwa naziba mahali palipokuwa wazi, ukitaka nitaichoma mbele yako leo hii. Maneno yalikuwa yanamtoka ovyo ovyo, Kiswahili na Kimeru pamoja. Mimi nilikwisha kuweka sinia vizuri mkononi.

"Sikuulizi hayo. Nauliza nani alikuambia."

"Hakuna aliyeniambia kitu, kaka."

"Usinidanganye, Anneth. Umekosea kidogo tu. Baba alisema kona yako ishuke mpaka mfereji. Wewe umeishia kabla."

Nilisikia vizuri na bado sikuelewa. Anneth naye hakuelewa. Basi Aminiel, yule mwenye sauti ya kutangaza maamuzi ya ukoo, akaanza kuongea chini chini akiitazama picha, kana kwamba anamwambia mtu aliye ndani yake. Alisema baba yao alipokuwa anakata roho alimwita kitandani. Akamwambia kona ya chini, kuanzia mparachichi mpaka mfereji, ni ya Anneth, kwa kuwa hajaolewa na hana kwingine. Akamwambia apande masale kabla watu wa msiba hawajatawanyika, wote wayaone. Yeye akajisemea ngoja watu waondoke kwanza. Wakaondoka. Akajisemea ngoja mvua zipite. Akapanda kahawa yake pale, ikazaa, na tangu ianze kuzaa hajalala vizuri. Mtoto akikohoa anawaza baba. Ng'ombe akifa anawaza baba. Alipoliona tangazo kwenye simu, masale yamesimama pale pale aliponyooshewa kidole na mtu anayekufa, aliacha kula.

Ndiyo kusema sisi tulikuwa tunamwogopa yeye, naye kule juu alikuwa anatuogopa sisi. Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kumpiga na sinia kwa sababu nyingine sasa.

Aminiel akamgeukia dada yake kwa mara ya kwanza. Akasema chumbani mle walikuwa watatu tu. Marehemu hawezi kusema. Yeye hajamwambia mtu, hata mkewe. Kwa hiyo ni mama, mama ndiye aliyevunja mapatano yao ya kunyamaza, na wala hamlaumu, ameuchoka mzigo.

Anneth akauliza, "Mama alikuwepo?"

"Alikuwa amemshika baba miguu. Alisikia yote."

Hapo ndipo nilipomwona Anneth anakwisha. Maana jambo hili alikuwa hajawahi kuniambia, alinieleza baadaye: wiki moja baada ya mazishi alimwuliza mama yake, wawili tu jikoni, kama baba aliacha neno lolote kwa ajili yake. Hakutaka shamba. Alitaka neno. Na mama akamfuta machozi kwa ncha ya khanga, akamwambia baba yako hakusema kitu, mwanangu, alilala tu. Ameishi na jibu hilo miaka yote. Ameamini kwamba baba aliondoka duniani bila kumkumbuka.

Aminiel aliahidi mbele yangu kwamba Jumamosi atayapanda masale yenyewe, mpaka mfereji. Na alitimiza, lazima nimpe haki yake. Aliwaita wazee, akapanda, akapiga picha akaituma kwenye kundi. Watu wote waliokuwa wamenyamaza wakaibuka na amina zao na waridi zao. Mimi nilipiga vigelegele peke yangu uani. Nikamwambia Anneth mtu wangu, umepata, tena bila wakili, tukajenge, mimi nataka chumba changu cha wageni chenye dirisha la kuangalia mlima. Hakucheka. Picha ile Catherine alimrudishia, na Anneth akaigeuzia ukutani.

Kisha akaacha kupokea simu za mama yake. Simu inaita, jina linasomeka, yeye anaitazama mpaka inakata. Njia aliyokuwa anaogopa kufungiwa ilikuwa wazi mchana kweupe, na yeye ndiye aliyeshindwa kuipita. Nilimwuliza anaogopa nini sasa. Akasema anaogopa kumwona. Akasema akifika atampa shikamoo kama kawaida, na mama ataitikia marahaba kama kawaida, na yeye hatajua tena ni nini kingine katika maneno ya mama yake ni kweli. Nikamgombeza, maana mimi subira sina. Nikamwambia huyo ni mzee, kesho hayupo, utakuja kulilia udongo. Siku iliyofuata nilimwamsha asubuhi, nikamfunga kilemba mwenyewe, tukapanda.

Tulimkuta mama amekaa kwenye kigoda chini ya mgomba, mbele ya nyumba, hana kazi mikononi. Barazani alikuwepo Elizabeth, mke wa Aminiel, anaanika kahawa kwenye mkeka. Nilimsalimia, akaniitikia mimi kwa jina langu. Anneth alipomsalimia, wifi yake aliinua mkeka na kahawa yake akaingia ndani.

Tukasimama mbele ya mama. Nilingoja Anneth aamkie. Akawa anakaza kilemba ambacho hakikulegea. Nikatoa shikamoo mimi, kwa niaba yetu wote. Mama aliitikia kwa chini, hakuinua macho. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwona Krismasi. Kuku walikuwa wanapita katikati yetu mama alipoanza mwenyewe.

Hakukana. Alisema baba yao alisema, naye alisikia kwa masikio yake mawili. Aminiel alipomwambia wangoje kwanza, alikubali, na alikubali kwa sababu tangu mzee afe, anayemkokea moto ni wa nyumba ya Aminiel, anayempeleka kliniki ni wa nyumba ile, na sahani yake inatoka nyumba ile. Angesema neno, angekula kwa nani? Na Anneth mwenyewe wakati huo alikuwa na chumba kimoja cha kupanga mjini.

"Nilikuwa nakuona ukija unalala uani kama mgeni," mama akasema. "Niliona. Niliogopa tu, mwanangu."

Sijui Anneth alishikwa na hasira au na huruma, na nadhani hata yeye hakujua. Alifungua mdomo kutaka kujibu. Mama akamwahi. Aligeuza shingo akautazama mlango wa nyumba, akauona umefungwa, akashika pindo la gauni la Anneth akamvuta karibu, akateremsha sauti mpaka ikabidi na mimi niiname ndipo nisikie.

"Jenga upesi," akamwambia. "Tangu Jumamosi Elizabeth hajaniletea chai."